Ctrl+Alt+Delete Iende kwa Nani?

Katika steshenari za Ngamiani, hapa Tanga, si ajabu kukuta kompyuta yenye Ubuntu, mfumo endeshi wa familia ya Linux, na ndani yake dirisha la VirtualBox, programu ya mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta), linaloendesha Windows. Ubuntu ni ya bure na haibabaishwi sana na virusi vya flashi za wateja, ila programu ya hesabu haitaki kusikia kitu kingine zaidi ya Windows. Siku programu hiyo inapoganda, kijana wa zamu anabonyeza Ctrl+Alt+Delete kama alivyozoea. Windows haitikisiki. Inayoitika ni Ubuntu, na kisanduku chake: utatolewa baada ya sekunde 60. Mteja anasubiri risiti.

Lawama zinazofuata zinafanana. Kwa nini mashine pepe isipeleke kila kitufe ndani, mambo yakaisha?

Wanaosema hivyo wana hoja. Anayeshinda ndani ya Windows kwa skrini nzima haoni mifumo miwili, anaiona kazi yake. Alt+Tab kwake ni kutoka kwenye barua kwenda kwenye hesabu. Akibonyeza Alt+F4 afunge hati, kisha akaulizwa kama anataka kuizima mashine yote, asikasirike kwa nini? Na asiyeona, anayetumia kisoma skrini kama NVDA, anaongozwa na kibodi tupu. Kitufe kikiitikiwa na mfumo asioukusudia, amepotea njia.

Lakini mfumo wa nje, yaani ule unaoendesha kompyuta yenyewe, hauvishikilii vitufe vichache kwa ukaidi. Mchanganyiko wa Ctrl+Alt+Delete ulibuniwa na David Bradley wa IBM kwa ajili ya kuwasha upya kompyuta yao ya mwaka 1981. Windows NT ya 1993 ikaupa kazi nzito zaidi: ubonyeze kwanza, ndipo uandike nywila. Unapokewa na mfumo wenyewe, na hakuna programu ya kawaida inayoweza kuudaka njiani. Mtu akiacha kwenye kompyuta ya duka programu iliyochorwa ikafanana na ukurasa wa kuingilia, vitufe hivyo vitatu vinamuumbua. Sasa VirtualBox ikiruhusiwa kuvidaka, programu ya mwizi itazuiwa kwa kigezo gani? Windows haisomi nia ya mtu. Katika mji ambao wanafunzi wengi wanajazia maombi ya mkopo wa HESLB kwenye kompyuta za watu, hilo si jambo la kupuuza.

Upande wa Linux nao umebadilika. Katika X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha kwenye skrini, programu ilikuwa ikijitwalia kibodi bila kumwuliza mtu. Katika Wayland, mrithi wake, lazima iombe. GNOME, mazingira ya dawati ambayo Ubuntu inayatumia, inamwuliza mtumiaji, na hata akikubali, Super+Escape (Super ni kitufe chenye nembo ya Windows) inamrudishia vitufe vyake. Mimi naona huo ndio ustaarabu.

Wasiokubaliana nami waitazame laptopu mpya. Kwenye Windows na Linux, kitufe cha kutokea VirtualBox, kinachoirudisha kibodi kwa mfumo wa nje, usipokibadilisha, ni Ctrl ya kulia. Januari 2024 Microsoft ilitangaza kitufe cha Copilot, msaidizi wake wa akili mnemba, na kwenye laptopu nyingi kimewekwa palepale ilipokuwa Ctrl ya kulia. Ukikibonyeza kinatuma Windows+Shift+F23 kwa mpigo, kitu ambacho VirtualBox haikuwa ikikingojea. Basi fikiria: skrini nzima imechukuliwa, kibodi iko ndani, na kitufe cha kutokea hakipo kwenye mashine uliyonunua. Aliyesakinisha Guest Additions, programu saidizi za VirtualBox zinazowekwa kwenye mfumo wa ndani, atajiokoa kwa kipanya. Asiyezisakinisha, kishale nacho kimenaswa humohumo. Kama mfumo wa nje ni Windows, kitakachomtoa ni Ctrl+Alt+Delete ileile ambayo watu wanadai ipelekwe ndani. Wangepewa walichoomba, wangebaki na kitufe cha umeme tu, na hesabu ambazo hazijahifadhiwa zingekwenda na maji.

Lawama ninayoikubali ni ya waundaji wa programu hizi. Kuipeleka Ctrl+Alt+Delete ndani, VirtualBox inataka kitufe cha kutokea pamoja na Delete, VMware Workstation, programu nyingine ya mashine pepe, inataka Ctrl+Alt+Insert, Remote Desktop, ya kutumia kompyuta iliyo mbali, inataka Ctrl+Alt+End. Kijana wa steshenari atayajulia wapi yote hayo? Na kwa programu iliyoganda wala hayahitaji: Ctrl+Shift+Esc kwa kawaida inapita moja kwa moja hadi Windows ya ndani na kufungua Task Manager, mahali pa kuifungia programu iliyoganda.

Ningependa VirtualBox, kabla ya kuishika kibodi kwa mara ya kwanza, imwambie mtu: bonyeza kitufe cha kutokea nione. Asipokuwa nacho, achague kingine hapohapo. Kwa sasa uchaguzi huo umefichwa kwenye mapendeleo, sehemu ya Input, mahali ambapo mtu huenda baada ya kunaswa.