Kodi ya miezi sita na mwenye nyumba tusiyemwelewa

Mjadala wa kodi za nyumba Dar es Salaam huwa haumalizi bila mwenye nyumba kuitwa mnyonyaji. Kosa lake linajulikana: anadai miezi sita kwa mkupuo, mwingine mwaka mzima. Ndiyo maana kila baada ya muda linazuka pendekezo la sheria ya kulipa mwezi kwa mwezi.

Lawama hiyo haikuokotwa hewani. Tuseme chumba na sebule ni 150,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 900,000. Ongeza mwezi mmoja wa dalali, tayari 1,050,000, bila kuhesabu hela ya kuzungushwa kuoneshwa vyumba ambavyo vingine vilishachukuliwa. Kima cha chini serikalini, tangu Julai 2025, ni 500,000 kwa mwezi. Mtumishi wa ngazi hiyo anahitaji mishahara miwili na ushee, bila kula, kabla hajaingiza godoro. Na kodi ya jengo, ambayo kwa haki ni mzigo wa mwenye mali, inakatwa kwenye umeme wa LUKU anaonunua mpangaji.

Lakini huyo mnyonyaji ni nani hasa? Mbagala, Kimara au Gongo la Mboto, mara nyingi ni mwalimu mstaafu au mama wa genge aliyejenga kwa kuungaunga. Benki haimtambui. Mikopo ya nyumba nchini haifiki hata asilimia 1 ya pato la taifa, riba yake ni ya tarakimu mbili, na masharti yake ni hati na mshahara unaopitia benki. Yeye ana karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa, basi. Kwa hiyo anaanza na msingi, anapumzika. Anapandisha kuta hadi kwenye lenta, anapumzika tena, boma linaota majani. Akifanikiwa kupaua vyumba viwili vya mbele anapangisha, na ile laki tisa ya mpangaji wa kwanza inakwenda moja kwa moja kwenye mbao za kenchi na mabati ya vyumba vya nyuma.

Hapo ndipo wapinzani wa miezi sita wanaponiacha. Laki tisa ikija kwa mkupuo inapaua. Ikija 150,000 kila mwezi inaliwa: ada, hospitali, msiba Singida, na mwisho wa mwaka boma liko vilevile. Mpangaji, apende asipende, ndiye benki ya mwenye nyumba, tena isiyotoza riba. Ukiifunga benki hiyo kwa sheria bila kufungua nyingine, vyumba vya nyuma havitajengwa, na katika jiji lililohesabiwa watu zaidi ya milioni 5.3 mwaka 2022, vyumba visivyojengwa vinapandisha kodi ya vilivyopo. Atakayeumia ni yuleyule tuliyetaka kumwokoa.

Tulishajaribu kuishi bila mwenye nyumba binafsi. Azimio la Arusha la 1967 liliwakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha, na 1971 majengo ya thamani ya kuanzia shilingi 100,000 yakataifishwa na kukabidhiwa kwa Msajili wa Majumba. Ghorofa za Upanga zilipata wapangaji wapya, sawa. Ila mamilioni waliokuja baadaye walipewa pa kulala na wenye nyumba hawa wa uswahilini.

Miezi sita ina maumivu hata kwa anayeipokea. Akishapaua, mfuko mtupu, na mwezi wa nne anabisha hodi kwa mpangaji akiomba atangulizwe sehemu ya kodi ya muhula ujao. Mwenye nguvu za kinyonyaji habishi hodi namna hiyo. Mpangaji naye akigoma kulipa, shauri kwenye baraza la ardhi na nyumba linaweza kuzeeka. Ndipo tunaposikia habari za milango kung'olewa, jambo nisilolitetea.

Masaki na Oysterbay ni hadithi nyingine. Apatimenti za huko zimejengwa na wenye mtaji, na kwa miaka mingi kodi ilitajwa kwa dola, hadi kanuni za 2025 zilipopiga marufuku kutoza huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Mwenye jengo la namna hiyo akidai mwaka mzima mbele, hana boma la kusingizia. Sheria ya mwezi kwa mwezi ikianzia kwake, sina ugomvi nayo.