Mafuta ya alizeti: uuze kwa kupima au ufungashe kwa jina lako?

Katika maduka mengi ya Dodoma, kuanzia Majengo hadi Sabasaba, mafuta ya kupikia yana sehemu mbili za kukaa. Kuna chupa na madumu yenye lebo kwenye shelfu, na kuna ndoo iliyo chini ya kaunta ambayo muuzaji huchotea robo lita, au hata ya shilingi mia tano. Mkamuaji wa alizeti mwenye mashine moja au mbili, awe Kongwa, Manyoni au Singida mjini, lazima aamue atakaa wapi kati ya hizo.

Washauri wengi wa biashara humjibu kabla hajamaliza kuuliza: fungasha, weka lebo, ongeza thamani. Jibu hilo lina ukweli, ila linaruka hesabu ya gunia.

Tuchukue mfano. Gunia la kilo 65 limenunuliwa kwa shilingi 900 kwa kilo, yaani 58,500. Kukamua na kuchuja tuseme 8,000. Kwa mbegu ya wastani linatoa lita 17 hivi na mashudu, yaani makapi ya mbegu iliyokamuliwa, kama kilo 40. Mashudu yakiuzwa shilingi 400 kwa kilo yanarudisha 16,000, na lita moja inakuwa imekugharimu karibu 2,970. Yakishuka hadi 250, lita hiyohiyo inapanda hadi 3,320 na ushee, ilhali mafuta yenyewe hayajabadilika hata tone. Kwa hiyo mfugaji wa kuku anayenunua mashudu naye ni mteja wa kubembelezwa. Wengi humsahau, wakahangaika na rangi ya lebo.

Anayeuza kwa kupima ana hoja nzito. Hanunui chupa, halipii lebo, na fedha anaipata siku hiyohiyo. Muuza duka naye anapenda ndoo kwa sababu faida ya kijiko kwa kijiko ni kubwa. Tatizo ni kwamba kwenye ndoo mafuta yote yanafanana, na anayeamua bei ni mafuta ya mawese yanayotoka Malaysia na Indonesia. Mchikichi hutoa mafuta mengi kwa hekta kuliko alizeti, mara kadhaa, na mwagizaji huleta kwa meli nzima. Juu ya hapo kuna ushuru wa forodha, unaoweza kubadilika kila bajeti, na bajeti husomwa Juni, mwezi uleule ambao wakulima wa Kanda ya Kati wako katikati ya mavuno. Ukishanunua mbegu kwa bei ya Mei, ushuru ukipunguzwa Juni, ndoo yako imekula hasara kabla haijafika dukani.

Na ndoo haina ushahidi. Mtu wa kati akichakachua alizeti yako kwa mawese, lawama inarudi kwa alizeti. Wateja wana kipimo chao: weka kwenye friji, yakiganda yamechanganywa. Kipimo hicho kinasaidia lakini hakitoshi, maana alizeti halisi ambayo haikuondolewa nta ya maganda nayo hufanya ukungu kwenye baridi. Muuzaji anayeapa kwamba yake “hayagandi kamwe” anajitegea mtego. Vivyo hivyo kwa lebo inayojivunia kutokuwa na kolesteroli: ni kweli, ila hata mawese hayana, kwa kuwa ni mafuta ya mmea.

Basi chupa? Karatasi zake zinajulikana. Mjasiriamali mdogo huanza na barua ya utambulisho ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, akaenda TBS, shirika la viwango, ambayo tangu 2019 ndiyo inayosimamia pia usajili wa majengo ya chakula baada ya kazi hiyo kutoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa. Jina la biashara na alama ya biashara husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Alama hulindwa miaka 7 ya kwanza. Duka kubwa litataka msimbo wa mistari, ule unaoanza na 620. Kuna pia kanuni ya kuongeza vitamini A. Wakala wa Vipimo naye akipita, lita moja lazima iwe lita moja: kwenye mizani ni gramu 920 hivi bila chupa, si kilo.

Karatasi zikikamilika, mambo yanaharibikia kwenye mafuta yenyewe. Mashapo yanayotua chini ya chupa ni dalili kwamba yalichujwa mara moja na kufungashwa haraka. Yaache kwenye tangi siku tano hadi saba, uchote kwa juu. Povu kwenye kikaango husababishwa na utomvu wa asili wa mbegu pamoja na unyevu. Utomvu hupunguzwa kwa kuchanganya maji ya moto asilimia 2 au 3 mafuta yakiwa na nyuzi joto 60 hadi 70, kuyatuliza, kumwaga uchafu wa chini, kisha kupasha tena hadi maji yote yaishe. Lebo ya karatasi hulowa na kuchanika, tumia ya plastiki. Usijaze hadi shingoni, joto la Dodoma litasukuma mafuta yatoke kwenye kizibo. Na zile chupa zinazong'aa juani kandokando ya barabara ya Singida zinavutia macho kweli, lakini mwanga na joto ndivyo vinavyoyachachisha. Mteja aliyefika nazo Dar es Salaam akakuta harufu hataki kujua kama kosa ni la mkamuaji au la jua.

Halafu kuna mali kauli. Duka linapokea katoni leo, linalipa baada ya siku 30 au 60, na katikati mtaji umelala. Hapo ndipo naona wengi wakianguka, na si kwa ubaya wa bidhaa. Kuuza lita 1,000 tu kila mwezi mwaka mzima kunahitaji magunia 706 hivi, zaidi ya shilingi milioni 41 kwa bei ya mfano wetu, na karibu yote yanunuliwe kati ya Mei na Agosti, yakauke vizuri, yapangwe juu ya chaga. Asiye na akiba hiyo shelfu yake inakuwa tupu Januari, na nafasi yake haikai wazi ikimsubiri.

Kwa mwenye mashine moja, ningeanza na dumu la lita 5 na la lita 20, lenye jina, alama ya TBS na lakiri, kwa familia za watumishi, shule na mama lishe wanaolipa taslimu. Wakaanga chipsi ningewaacha: mawese yanavumilia kuchemshwa tena na tena kuliko alizeti ya kawaida. Chupa ya lita moja ingoje hadi ghala lifike Machi likiwa na mbegu.

Maonesho ya Nanenane pale Nzuguni huangukia mwanzoni mwa Agosti, mkulima akiwa bado anauza. Kibanda, fulana na vipeperushi vinagharamiwa na fedha ileile ya magunia. Anayerudi na oda 30 kisha Februari hana cha kupeleka, ameitangaza alizeti ya jirani yake.