Kalkuleta ikikudanganya utajuaje?

Pale Busia upande wetu wa Uganda, kabla hujavuka mpaka kuingia Kenya, bado wapo wazee wanaobadilisha pesa wamekaa kwenye viti vyao vya plastiki na kibunda cha noti mkononi. Mwambie mmoja una elfu moja mia tatu hamsini ya Kenya unataka ya huku, tuseme siku hiyo anachenji kwa 28, wala hahangaiki. Anazidisha na 30 kwa sababu 30 ni rahisi, anapata 40,500, halafu anatoa mara mbili ya pesa yako, 2,700, anakwambia "37,800" na wewe bado unahangaika na zipu ya pochi. Reti ikiwa 27 na nusu anashusha tena nusu ya ile 1,350, yaani 675, inabaki 37,125. Na yote hayo anafanya huku anabishana na jirani yake kuhusu Arsenal.

Sasa nenda kwa kijana anayefanya kazi hiyo hiyo hatua chache mbele. Simu inatoka, anabonyeza, anakuonyesha kioo. Sina shida na hilo, kalkuleta ya simu haichoki na haina njaa. Shida yangu ni pale kidole kinapoteleza, anaandika 13,500 badala ya 1,350, simu inamwambia 378,000 na yeye anakusomea hivo hivo, laki tatu sabini na nane, bila kushtuka!! Yule mzee angeshtuka. Hata kama hajapiga hesabu bado, angejua tu kwamba pesa ya Kenya ya elfu moja na kitu haiwezi kuzaa laki tatu, kitu kingemwambia hapana, rudia.

Mimi ninacholilia ni huko kushtuka. Kuzidisha kwenyewe mashine ichukue, tena kwa mikono miwili.

Nasema hivi kwa sababu kila mtu akianza kuandika habari za ujuzi unaopotea anaishia kulia kwamba zamani kulikuwa kuzuri, na mimi jamani sikuona huo uzuri. Kutuma pesa kijijini zamani ilikuwa unaenda baspaki, unamtafuta dereva au kondakta unayemjua sura, unampa bahasha, halafu unaomba Mungu. Kulikuwa na ujuzi mkubwa kweli kwenye hilo, kujua nani mwaminifu, kuandika jina la anayepokea vizuri, kupiga simu kwa mwenye duka pale steji ili amwambie shangazi yako atoke barabarani basi likikaribia. MTN walipoleta Mobile Money mwaka 2009 ujuzi huo ukafa na sijasikia mtu akiuwekea matanga. Kubip pia, kale kamfumo ketu ka mlio mmoja nimefika, milio miwili nipigie, vifurushi na WhatsApp vimekaua na kapumzike huko kaliko. Kukariri namba za simu, hilo niko katikati, mbili tatu za watu wa nyumbani inafaa uwe nazo kichwani maana simu zinaporwa kila siku hasa ukikaa dirishani kwenye foleni ya Kampala, lakini hamsini za nini?

Kwa hiyo mimi nagawa hivi. Kuna ujuzi ambao ulikuwa kazi tu, mashine ikiufanya wewe umepumzika, basi. Halafu kuna ujuzi ambao ndio unakuwezesha kuiambia mashine "wewe, hapo unadanganya", na huo ukiuachia umebaki abiria. Watu wengi wanaichanganya hii miwili, wengine wanakataa kila kitu kipya na wengine wanatupa kila kitu cha zamani.

Angalia mafundi wa magari. Hizi gari zetu nyingi ni Toyota zilizotumika zimetoka Japani, siku hizi taa ya injini ikiwaka fundi anachomeka kimashine chini ya usukani na kodi, ile namba ya kosa, inatokea. Tuseme imetokea P0171. Maana yake injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta, basi, kimashine kimeishia hapo. Hakisemi kwa nini. Inaweza kuwa pampu ya petroli imechoka, inaweza kuwa sensa, kale kadude kanakopima hewa inayoingia, imejaa vumbi (na vumbi la barabara zetu mnalijua), inaweza kuwa kampira kadogo ka vakyumu kamepasuka kananyonya hewa pembeni. Fundi aliyekulia kwenye injini anaiwasha aiache ingurume taratibu bila kukanyaga mafuta, anainama, anasikiliza kama kuna kamlio ka ssss, anabana mpira kwa vidole aone kama mlio unabadilika. Kampira bei yake ndogo tu. Fundi wa kodi peke yake anakutuma ukanunue sensa, taa inazimwa, unashukuru, wiki haiishi imewaka tena, mnanunua sensa nyingine. Nimeshalipia sensa za namna hiyo, gereji siitaji jina.

Na si kwamba kimashine ni kibaya! Fundi mwenye sikio akipewa kimashine anakuwa hatari, anafupisha kazi ya asubuhi nzima. Ila kwanza awe na sikio. Sasa vijana wanaoingia gereji wanafundishwa kimashine kwanza, na sikio hawatalipata kwa sababu hakuna siku watalihitaji mpaka siku watakayolihitaji.

Pesa za simu ndio zinaniogopesha zaidi. Kuna ule ujumbe wa uongo mnaujua wote, unasema umepokea 200,000, salio lako jipya ni kiasi fulani, dakika haijaisha mtu anapiga analia, mzee wangu nimekosea namba, hiyo ni ya hospitali, nirudishie. Mama wa kibanda mwenye hesabu kichwani anajua asubuhi alikuwa na 85,000, akipokea 200,000 lazima isome 285,000, ujumbe unasema 214,500, anakata simu anaendelea kukaanga chapati zake. Hajahitaji hata kubonyeza *165# aangalie salio, ingawa abonyeze tu, haidhuru. Anayeamini kila kinachoandikwa kwenye kioo anarudisha pesa ambazo hakupokea, kutoka kwenye pesa zake mwenyewe.

Wanaosema "lakini simu zipo siku zote" wanasahau haraka. Februari 2016 siku ya uchaguzi tuliamka mitandao ya kijamii imefungwa na pesa za simu zimefungwa. Januari 2021 ikafungwa intaneti yote kwa siku kadhaa. Sitaki kuingia siasa hapa, nasema tu kwamba nchi hii simu inaweza kugeuka tochi wakati wowote, na siku hizo aliyekuwa na keshi na daftari la madeni ndiye aliyekuwa anauza sukari.

Walimu wa primari nawapa heshima yao, mtoto bado anafanya hesabu mpaka P7 bila kalkuleta, na nyuma ya daftari la shule bado kuna teburi ya kuzidisha imechapishwa. Tatizo linaanzia nyumbani. Mtoto anatumwa dukani, mzazi ameshalipa kwa simu, mtoto anabeba tu mkate kama boda anayepeleka mzigo. Hajashika chenji, hajasimama pale kaunta akijiuliza kama 5,000 ukitoa mkate na chumvi inatakiwa kurudi ngapi, na mwenye duka akimpunja 500 hakuna anayejua. Mimi wa kwangu naulizwa eti kwa nini nawapa noti wakati namba ya wakala imebandikwa mlangoni. Nawapa noti kwa sababu noti inarudi na chenji, na chenji nawauliza kabla hawajafungua mkono, ingekuwa ngapi? Wakikosea kidogo sijali. Wakiniambia elfu kumi na mbili imerudi kutoka kwa elfu tano, hapo tunakaa chini.

Na tafadhali msianze kuniambia basi turudishe na vile vitabu vya logi vya sekondari, vile vya kutafutia logarithimu bila kalkuleta. Vile nilivichukia tangu S3, nikivikuta stoo nitavichoma leo leo, kiberiti nitanunua kwa keshi na chenji nitaihesabu hapo hapo kaunta.