Kichwa si malaria kila siku jameni

Hapa Kisumu ukisema tu kichwa kinauma, kabla hujamaliza kuongea umeshapewa majibu: enda upime malaria, kunywa maji, ama punguza stresi. Ya malaria siwalaumu, tunaishi kando ya ziwa na mbu tunawajua, mwili ukichemka lazima upime. Lakini mtu anaumwa na kichwa zaidi ya nusu ya mwezi, miezi inaingia inatoka, kipimo kinasema hakuna kitu, bado unamwambia malaria imejificha? Imejificha wapi sasa.

Yangu ni kipandauso. Inaanza nyuma ya jicho la kushoto, inagonga ikifuata mapigo ya moyo, alafu tumbo linakataa kila kitu, hata omena ya jirani ambayo siku zingine naimezea mate harufu yake inanikimbiza choo. Na ikikupata Kondele saa saba mchana ndio utajua, jua lile lenyewe, mabati yanamulika, boda wanapiga honi, kuna mtu ameweka spika nje ya duka anauza viatu na maikrofoni, wewe umeegemea ukuta unajifanya unasoma meseji na hiyo simu hata kuiangalia huwezi.

Maumivu nimeyazoea kiasi. Chenye kinanimaliza ni kuthibitisha kila saa kwamba naumwa. Sina bandeji, sina kidonda, kesho yake nikitokea nimechana nywele watu wanasema "si umepona wewe", na ukikosa matanga ya mtu wa ukoo hapo ndio umejiharibia kabisa, utaambiwa unaringa hadi wajukuu wasikie. Kazini bosi fulani aliwahi kuniuliza mbona kichwa changu kinapenda Jumatatu. (Kinapenda Jumamosi pia, ni vile hiyo hakuna mtu anaihesabu.) Unafika mahali unaomba msamaha ovyo, unakubali mialiko ukijua hutaenda, alafu polepole watu wanaacha kukualika na huwezi hata kukasirika. Na kwa sababu sisi wanawake ndio inatushika karibu mara tatu kuliko wanaume, inaitwa mambo ya wanawake, yaani deko.

Alafu hizi dawa za dukani, hapa naomba mnisikize. Zile za kawaida za maumivu ukimeza siku 15 ama zaidi kwa mwezi, na iendelee hivyo miezi mitatu, zenyewe zinaweza kukuletea kichwa, na zile zimechanganywa na kafeini hata siku 10 zinatosha. Unameza juu kinauma, kinauma juu unameza. Muuzaji hatakuambia, yeye anahesabu chenji. Dawa za kuzuia kipandauso kisianze zipo, propranololi na amitriptilini ni za kitambo na si ghali, lakini daktari ndiye akuandikie, kwanza propranololi na pumu haziendani, na zinataka wiki kadhaa kabla uone tofauti, kwa hivyo usizitupe siku ya nne.

Kichwa kikikuja ghafla vibaya kuliko vyote umewahi kupata, ama shingo ikakaza na joto, ama mkono ukalegea, hiyo usingoje, panda boda uende hospitali.

Hizo siku zingine za kawaida, mkinipata nimelala funga pazia, zima redio, usiniulize nimekula nini. Na shangazi yangu najua utasoma hii: mwarobaini nilikunywa, yote, asante, tafadhali usitume ingine na gari ya Siaya.