Gari Halikunila Suruali

Kwa kuwa rafiki yangu mmoja ameona vyema kumtangazia kila tunayefahamiana naye kwamba gari la umeme limenivua suruali mbele ya wageni, na kwa kuwa baadhi yenu mnaniandikia tangu asubuhi mkitaka kujua kama ni kweli lilinifukuza kwanza, nimelazimika kutoa maelezo yangu kabla simulizi hiyo haijaota mbawa zaidi. Gari halikunifukuza. Lilikuwa limesimama tuli, na huko kusimama ndiko kulikoniponza.

Ninalizungumzia lile gari dogo la kubebea wageni, lisilo na milango, ambalo hata ukilikanyaga mpaka mwisho halifiki kilomita 40 kwa saa, na ambalo matunzo yake yaliniangukia kwa sababu tu siku moja nilionekana nimeshika spana. Chini ya kiti chake cha mbele kuna betri sita za asidi na risasi, kila moja ya volti nane, zilizounganishwa kwa mfululizo ili zitoe volti 48. Kila betri ina seli nne, kwa hiyo kuna vifuniko 24 vya kufungua kimoja kimoja na kuongeza maji yasiyo na madini pale yalipopungua. Ni kazi isiyo na fahari yoyote: unainama, unamulika kwa tochi (si kwa kiberiti, kwa maana betri inayochajiwa hutoa hidrojeni, na hidrojeni haina utani), unahakikisha kwamba bamba za risasi zimefunikwa, kisha unahamia tundu linalofuata huku kiuno kikilalamika.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo penye ushahidi wangu. Maji huongezwa baada ya kuchaji, si kabla. Betri inapochajiwa, mchanganyiko wa asidi ulio ndani hupata joto, hutanuka na kutoa mapovu, na kama mtu aliujaza mpaka shingoni, hauna pa kwenda ila nje. Ukikuta bamba ziko wazi kabla ya kuchaji, unaongeza maji ya kuzifunika tu, basi. Utaratibu huo nimeubandika ukutani kwa herufi ambazo hata aliyesahau miwani nyumbani anaweza kuzisoma. Rafiki yangu huyo huyo, mwenye simulizi tamu, alikuja jioni ya kuamkia siku ya wageni akiwa na ari ya kunisaidia, akalirudisha gari kinyumenyume mpaka karibu na soketi, akajaza matundu yote 24 pomoni, akachomeka chaja na kwenda zake kulala. Nasikia sehemu hiyo katika simulizi yake haimo.

Asubuhi nilikuta sehemu ya juu ya betri zote imelowa. Niliigeuza ile swichi iliyo chini ya kiti kutoka upande wa kuendesha kwenda upande wa kuvutwa, ili mfumo wa umeme unaoamuru mota usiwe kazini wakati mikono yangu iko humo, kisha nikaanza kumimina maji yenye bikaboneti ya soda polepole, huku vifuniko vyote vikiwa vimekazwa, hadi povu lilipoacha kutoka. Macho nilikuwa nimeyakinga kwa miwani, mikono kwa glavu za mpira. Mapaja hakuna aliyenitajia. Niliyaegemeza kwenye ukingo wa sanduku la betri muda wote, na nilipomaliza niliona unyevu kidogo tu kwenye suruali, ambao niliudhania kuwa maji. Suruali ilionekana safi, na sijui ni nani kati yenu hufua suruali safi wakati wageni wako njiani. Nikaipiga pasi.

Kwa wasiojua: asidi ya betri ikikaa kwenye kitambaa cha pamba, maji yake hukauka nayo hubaki, ikizidi kuwa kali na kula nyuzi kimyakimya, na joto la pasi huiharakishia kazi. Macho hayaoni kitu. Kitambaa kinaendelea kushikamana kwa heshima tu, kikisubiri mtu apige magoti.

Wageni walifika, wakapanda. Mbele, kando yangu, aliketi mama mmoja mtu mzima ambaye ndiye aliyeongoza msafara, na nyuma walijipanga wakubwa wangu wa kazi wakiwa na nyuso za shughuli rasmi. Nikawasha kwa ufunguo, nikakanyaga. Kimya. Nikakanyaga tena kwa tabasamu. Kimya. Ndipo nikakumbuka kwamba swichi bado iko upande wa kuvutwa, tena iko chini ya kiti ambacho mama huyo alikuwa amekwisha kukikalia vizuri na kupanga mikunjo ya gauni lake.

"Samahani sana, mama, nakuomba ushuke kidogo tu."

"Bila shaka, mwanangu."

Akashuka. Nikainua kiti. Nikapiga goti la kwanza chini, na paja la kulia likatoa sauti ambayo haikuwa ya kuchanika hasa, maana kuchanika kuna mlio mkali wa kishujaa. Hii ilikuwa sauti laini ya kitu kinachokata tamaa. Nikatulia. Upepo ukanigusa mahali ambapo upepo haujawahi kunigusa nikiwa kazini. Nikafikiri kwamba nikilishusha goti la pili taratibu sana, huenda upande wa kushoto utanistahi. Nikalishusha. Haukunistahi. Kutoka gotini hadi karibu na kiuno, suruali ilifunguka kwa mabaka mabaka, kila baka likilifuata jirani yake, na vipande viwili vikadondoka miguuni pa mama wa watu. Nikiwa katika hali hiyo, nikanyoosha mkono na kuigeuza swichi, kwa sababu kazi ni kazi. Kumbe ile nyenzo ya mwelekeo ilikuwa imeachwa kwenye kurudi nyuma tangu jana yake (mnamkumbuka aliyerudi kinyumenyume), na ufunguo bado ulikuwa umewashwa. King'ora cha kurudi nyuma kikaanza kulia kwa nguvu zake zote, ti, ti, ti, hadi waliokuwa madirishani, ambao hawakuwa na habari nami, wakageuka kutazama.

Mama yule aliinama, akanisemesha kwa sauti ya chini, "Usisimame, mwanangu," kisha akanishushia jalada la ajenda ya kikao.

Yaliyofuata si mengi. Nilizima king'ora, nikaketi, nikaweka jalada mapajani na kuwazungusha wageni wote kwa mwendo mzuri kabisa, na kikao kikachelewa kuanza kwa kuwa ajenda ilikuwa kazini.

Betri nimezipima, ziko salama. Mtungi wa maji nimeutia kufuli, na rafiki yangu akiutaka aje auombe mbele ya watu, gari likiwa limekwisha kuchajiwa, naye awe amevaa suruali ya pamba.