Na kabla ya Kibos?

Siku ya kuomba kitambulisho nilipanga foleni na rafiki yangu Mnubi, wa jamii ambayo mababu zake waliletwa na Waingereza kutoka Sudan kama askari. Tumekua pamoja hapa Kisumu. Mimi niliulizwa kata na jina la chifu, nikachovya vidole kwenye wino, nikamaliza. Yeye akafungua mfuko wa naironi: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha baba, na cha babu kilichofifia hadi picha haionekani.

"Babu yako alizaliwa wapi?"

"Kibos, mzee."

"Na kabla ya Kibos?"

Akaambiwa arudi siku ya kamati ya msasa, ile inayowahoji watu wa jamii kama yake wathibitishe kwamba ni Wakenya. Njiani nikamtania kwamba labda kweli yeye ni Al-Shabaab. Akacheka. Utani huo bado unanikera.

Msasa huo ulikuwepo zamani, kabla ya Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012. Sheria iliupa tu kisingizio kipya. Aprili 2014 polisi walipowakusanya Wasomali wa Eastleigh na kuwazuia katika uwanja wa Kasarani, sisi huku tuliona ni habari za runinga. Desemba bunge likaziongezea sheria za usalama makali, katikati ya vurugu na kumwagiana maji, na Februari 2015 Mahakama Kuu ikafuta vifungu vinane vya mabadiliko hayo. Wangapi kwetu walifuatilia? Mimi sikufuatilia.

Sisemi ugaidi ni hadithi. Al-Shabaab walipovamia Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015 waliuawa watu 148, wengi wao wanafunzi. Muuaji wa namna hiyo ashikwe, ahukumiwe.

Lakini baada ya maandamano ya kuipinga serikali ya Juni 25, 2025, vijana walifikishwa mahakama ya Kahawa, inayosikiliza kesi za ugaidi, kwa mashtaka ya ugaidi, baadhi wakidaiwa kuchoma majengo ya serikali. Sasa hapa nataka mtu anieleze. Kuchoma jengo tayari ni kosa katika Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake chaweza kufika maisha. Kitendo cha ugaidi kisichoua mtu, sheria ya 2012 inaishia miaka 30. Basi kama shida ni moto, shtaka la zamani ndilo zito zaidi! Kinachotafutwa, naona mimi, ni lile jina. Ukishaitwa gaidi, dhamana huwa ngumu, mwajiri anakukwepa, na jirani anaanza kujiuliza kabla ya hapo ulitoka wapi.

Wiki ile nililalamika kwenye grupu letu la WhatsApp, aya ndefu tu. Rafiki yangu akajibu kwa maneno mawili: "Karibuni kamati."