Picha ya mama wa singa ilikosa nini?

Kijana mmoja mchoraji wa Ngamiani, hapa Tanga, amerudishiwa picha yake na hoteli iliyoiagiza. Nimeiona. Ni mama anayeanika singa, yaani nyuzi za mkonge, kwenye nyaya, mtoto mgongoni, kanga imelowa mpaka magotini, na nyuma yake mistari ya singa nyeupe inakwenda mpaka macho yanachoka. Aliambiwa: "Kaka, mkono unao, lakini hii inahuzunisha. Wageni wanakunywa chai hapa. Tuchoree twiga na Mlima Kilimanjaro." Twiga kachora, maana kodi ya chumba haisubiri, na simlaumu hata kidogo. Ila maneno yale yamenikaa rohoni, siwezi kuyaacha yapite.

Mji huu umejengwa kwa mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo yakaja mashamba ya Pongwe, Muheza na Korogwe, bandari ikajaa marobota, na watu wakatolewa Kigoma, Songea, Msumbiji, Rwanda na Burundi waje kukata. Babu yangu mzaa mama alikuja hivyo, Muha, katika kundi la manamba, vibarua wa mkataba. Alitusimulia habari za kipande, ile kadi ya kazi ya siku 30, jani lenye mwiba nchani, utomvu unaowasha mpaka mtu anajikuna usingizini. Kidole chake kimoja cha mkono wa kushoto hakikukunjika tena baada ya kukatwa na panga, na alipokula ugali kilibaki kimenyooka pembeni ya tonge. Naingia maofisini, mabenki na mahotelini Tanga hii, mikono kama ile siioni ukutani. Naona simba, twiga na jahazi jioni.

Sasa tazama. Mwaka huohuo wa 1893, kule Berlin, mchoraji wa kike Käthe Kollwitz alianza kuchora mfululizo wa picha sita za wafumaji walioasi kwa sababu ya njaa. Mumewe alikuwa daktari wa watu wa hali ya chini, na wake za wafanyakazi waliokuja kutibiwa na kueleza shida zao aliwaona kwa macho yake. Katika picha ya kwanza hakuna anayepiga kelele. Ni chumba kidogo chenye giza, kitanda cha mtoto mgonjwa, mtambo wa kufumia umesimama nyuma, na mama ameinama ameshika kichwa kwa mikono miwili. Mtambo ule ndio unaonitoa machozi mimi. Angeweza kuuacha, akamchora mama na mtoto peke yao, tukasikitika tukaenda zetu. Lakini aliuweka, na ukiuona unajua kwamba watu hawa wanafanya kazi, wanafanya sana, na bado mtoto anakufa. Huo ndio uchoraji wa watu wanyonge ninaoutetea: unaonyesha taabu pamoja na kazi inayoizaa.

Mwaka 1898 waamuzi wa maonyesho makubwa ya Berlin walipendekeza apewe nishani. Kaiser Wilhelm wa Pili, mfalme wa Ujerumani, akakataa. Kaiser huyo ndiye aliyekuwa akitawala Tanga yetu siku zile, mashamba ya kwanza ya mkonge yakiwa yanapandwa. Kwa hiyo mtu akiniambia leo kwamba picha ya mfanyakazi inaharibu hali ya ukumbi, nasikia lugha ya zamani sana.

Mchoraji Ilya Repin wa Urusi naye alifunga safari mwaka 1870 mpaka mto Volga kuwatafuta wavuta majahazi. Akakaa nao. Alimpata mmoja aitwaye Kanin, aliyewahi kuwa kasisi akavuliwa ukasisi, akamweka mbele ya wenzake katika picha yake ya watu kumi na mmoja. Kila mmoja ana uso wake, hata kijana anayejinasua na mkanda unaomkata kifuani. Hapo ndipo huruma ya mchoraji inapoonekana, katika kumtazama mtu mpaka umjue. Picha za kuombea misaada, za mtoto asiye na jina mwenye nzi usoni, hazina hilo hata kidogo, na nazichukia. Wala zile za wafanyakazi wanaocheka kwa amri ya chama sizitaki.

Nakubali, shingo upande, kwamba picha peke yake haimwongezei mtu mshahara. Ile ya Repin ilinunuliwa na mtoto wa mfalme, ikatundikwa katika chumba chake cha kuchezea biliadi. Nakubali pia kwamba mnunuzi ana haki ya kuchagua anachotundika kwake.

Lakini Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alifanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga miaka ya 1950, kabla hajahamia Dar es Salaam na kuanza kuchora mwaka 1968. Wanunuzi wake wakubwa walikuwa wageni, nao walipenda wanyama. Mikono iliyojua mkonge ikatuachia chui na ndege, wazuri kweli, nawapenda. Kila nikiwaona nafikiria picha tulizokosa kwa kuwa hakuna mtu wa hapa aliyeziagiza.

Tuziagize sisi. Halmashauri ina kumbi, shule zina kuta, hospitali zina korido ndefu ambazo watoto na wajukuu wa manamba wanakaa kutwa nzima wakisubiri kuitwa. Na ninyi wachoraji, wazee waliokata mkonge enzi za kipande wamebaki wachache, Muheza na Korogwe bado utawakuta. Nendeni mwaka huu, na karatasi na penseli, mkae nao barazani wawaonyeshe jinsi panga lilivyoshikwa.